Kioo cha Masjala

Ndani ya kompyuta yangu jua halichelewi.
Nalipandisha kwa kidole, nalishusha kwa kidole,
mwaka mzima unapita kabla chai haijapoa.
Jengo la Mtumba nililisimamisha bila saruji,
madirisha arobaini yakitazama magharibi,
kila moja nikaliandikia tarakimu zake:
mwanga upitao, sitini kwa mia;
joto lipitalo, thelathini na nane;
vioo viwili, na katikati hewa
nene kama kidole changu cha mwisho.
Majibu yakatoka na rangi ya kijani.
Nikatia sahihi.

Mwezi wa kumi, saa tisa alasiri,
kipima-mwanga mkononi, nabisha hodi masjala.
Upepo wa Dodoma umenitangulia:
vumbi jekundu limetulia juu ya kioo
kama mtumishi aliyekuja na barua ya uhamisho.
Ndani, giza. Taa zote zinawaka mchana.
Kioo changu kimebandikwa magazeti
toka sakafuni hadi darini, kwa gundi ya unga.

"Jua lilikuwa linanikaa machoni," asema Bi Peresi.
"Skrini siioni. Majalada yanapauka
mpaka jina la mstaafu linafutika.
Nikasema, mtu asije akafa karatasini kabla ya..."
Akacheka, hakumalizia.

Nikasogea. Mwanga unapenya kurasa,
habari za mbele na za nyuma zimepandana:
bei ya alizeti juu ya matokeo ya mpira,
tangazo la kifo linasomeka kinyumenyume,
golikipa ana herufi usoni.
Laksi arobaini. Nikaandika.

Sikumtajia ile sitini kwa mia.
Nilimwuliza tu: gazeti moja, au mawili?
"Kule mawili. Hapa ninapokaa, matatu."

Usiku, chumba cha kupanga, Kisasa,
nimelifungua jengo upya.
Kioo. Hewa. Kioo.
Halafu tabaka lisilo katika orodha ya kiwanda chochote;
nimelipatia jina, Peresi.
Unene nimekisia. Joto nimekisia.
Na nje kabisa, utando wa vumbi,
huo sikukisia, ulikuwa bado kwenye mkono wa shati.
Nikaliamuru jua lipande.

Kijani kikaondoka chote.
Masjala ikageuka nyekundu, kama ilivyo.

Chai imepoa zamani.
Nachora kivuli kwanza,
kioo kitafuata.