Ndoo ya Mchanga

Mumo aliificha siku mbili chini ya kitanda,
ndani ya soksi ya shule.
Ndipo niliponusa: utamu usio wa tunda,
kama rangi ya kucha iliyomwagika
katika nyumba isiyo na mwanamke.

Gari lake dogo jekundu, la rimoti,
tulilolinunua Luthuli baada ya mitihani,
Jumapili liliruka ukingo wa maegesho kule Industrial Area,
likabingirika mara nne. Watoto wakashangilia.
Betri, chini ya bodi, ikala pigo lote.

Sasa imetuna kama chapati
inapopumua kikaangoni,
waya mwekundu na mweusi zinaning'inia.
Mumo ameshika sindano.
"Baba, niitoe upepo tu."

Hapana.
Sikupaza sauti. Iko hapana isiyohitaji sauti.
Jipu la mtu hupasuliwa; hili halipasuliwi.
Mle ndani hamna usaha, mna moto uliokunjwa,
ukurasa juu ya ukurasa,
unangoja tundu moja la kuvutia pumzi.
Usiibonyeze. Usiichaji eti uone kama itakubali.
Usiirudishe garini, wala usiitie mfukoni.
Fungua dirisha. Tunatoka nayo nje.

Lakini Pipeline, ghorofa ya sita,
nje ni wapi?
Dirisha langu linatazamana na la jirani;
ukinyoosha mkono unachota chumvi yao.
Ngazini mna mitungi ya gesi, magodoro, viatu vya watu.
Nikashuka mjengoni, ploti ya pili
(hapa mjengo hauishi)
nikamwomba fundi Simatwa mchanga mkavu.
"Wa kujenga nini?"
"Wa kuzika."
Akacheka, akajaza ndoo ya bati,
akanisaidia kuipandisha hadi paani.

Betri nikaibeba mwenyewe, kwa glavu,
imelala kwenye sufuria kuukuu juu ya mchanga kidogo.
Mumo mbele, akiwaambia watu wapishe.
Mama Atemi akaanua shuka zake bila kuombwa,
akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi
wanachezea radi.

Tukaifukia katikati ya saruji tupu,
mbali na kamba za nguo, mbali na matangi ya plastiki.
Tukakaa upande upepo unakotoka,
maana moshi wake, ukitoka, si wa kuvutwa na kifua cha mtoto.
Tukaitazama ndoo
kama wanaotazama mgonjwa aliyelala.

Ndege zikapita, taa chini ya tumbo,
zikishuka Embakasi moja baada ya nyingine.
"Kwa nini uliificha?"
Akakwaruza saruji kwa kidole.
"Najua bei yake."

Mficha maradhi, nikaanza,
methali ikanikwama kooni.
Kwenye koti langu, mfuko wa ndani,
ina mwezi na siku tisa barua ya kiwanda:
tunasikitika, tunapunguza, tunakushukuru.
Kila asubuhi navaa, naaga, natoka.
Nami najua bei yake.

Saa tisa usiku mtoto akanisinzilia begani.
Sikusogea.

Haikuwaka.
Hayo ndiyo yote yaliyotokea: haikuwaka.
Jua likachomoza nyuma ya Taj Mall ya zamani,
pale palipobaki jina tu, jengo likaondoka,
na ndoo ilikuwa baridi nilipoigusa.

Kwenye pipa la taka hatukuitupa;
lori la taka nalo lina watu, lina mikono.
Tuliipeleka, na mchanga wake, kwa wale wanaopokea
simu zilizokufa na redio za marehemu.
Yule dada akaiandika daftarini kama mtu:
imevimba, haijatobolewa, imeletwa na baba na mwana.
Mumo akauliza kama anaweza kurudishiwa soksi.

Jioni nikamrudishia Simatwa ndoo.
"Mmezika?"
"Nusu," nikasema,
mkono u juu ya koti.