Utunda

Sabuni ya Mkasi Faki haiishi upesi.
Wateja wa Konde wanasema hivyo,
na mkemia wa Unguja aliyekuja na mizani yake
akasema: ni kweli, lakini kwa nini?
Mama mdogo akamtazama.
"Kwa nini ni yenu nyie. Yangu sufuria."

Maziwang'ombe, banda la bati, masika:
mafuta ya nazi, magadi yanayokula kucha,
mwani wa kotonii uliochemshwa ukawa uji wa mgonjwa.
Anakoroga upande mmoja tu. Ukibadili upande
anakunyang'anya mwiko.

Nilitia kidogo katika kichupa, sikuaga vizuri,
nikaenda nacho nchi ya baridi, penye kinu.
Nikamwandikia: niko kwenye kinu.
Akajibu: Wanatwanga nini?
Atomi, nikasema, na pumba zinazoruka
ndizo tunazozitaka. Zinaitwa nyutroni.
Hazina chaji, hazibishi hodi,
zinapita kioo, zinapita maji,
na zikigusa kitu zinageuza njia kidogo,
kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.

Niliyoyajua kabla ni haya:
chembe ya sabuni ina kichwa na mkia.
Kichwa kinapenda maji. Mkia hauyataki.
Zikiwa chache, kila moja hutangatanga na aibu yake.
Zikifika idadi (ipo idadi, nayo haina mjadala)
bila kuitwa, bila zumari,
zinageukiana, mikia ndani, vichwa nje,
tufe dogo hata makali ya wembe ni uwanja wake.

Na mwani ni uzi. Mrefu, mlegevu, unaojikunja.
Basi nikawaza shanga. Nikawaza utunda:
matufe yametungwa kwenye uzi wa mwani
kiunoni mwa maji, pasipoonwa na mtu,
na nyutroni ni mkono gizani unaohesabu.
Niliona haya kumwandikia hilo.
Nikaliandika kwa adabu, kwenye ombi la siku mbili za mwale.
Wakanipa.

Usiku wa pili, maji mazito.
Kwa jicho ni maji. Hidrojeni yake tu imeshiba zaidi.
Ukiyachanganya na mepesi kwa kipimo
sabuni hutoweka, kanzu nyeupe kwenye ukuta wa chokaa,
ukabaki mwani peke yake. Ukibadili kipimo
mwani huenda zake, ikabaki sabuni.
Nikapima hivi. Nikapima vile.
Saa tisa za usiku, kahawa ya mashine,
nukta zikijaa kwenye skrini
kama manyunyu kwenye vumbi.

Hapakuwa na utunda.

Matufe yalikuwepo, mviringo mwema.
Uzi ulikuwepo. Lakini kila kimoja na lake:
vichwa vya sabuni vina chaji hasi, mwani una chaji hasi,
na hasi kwa hasi hawakai mkeka mmoja.
Mstari wa grafu ulikuwa na kigongo,
na kigongo kile ndio umbali wanaoachiana.
Uzi, kwa kusongwa, ukawatia maji uzito.
Ndiyo sababu haiishi upesi. Au nusu ya sababu;
nusu ya pili sina siku za mwale za kuitafuta.

Nikampigia simu. Havishikani, mama. Vinapishana tu.
Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.
"Kwani mie nilikwambia vinashikana?
Mimi na mke mwenzangu miaka kumi na saba, ua mmoja,
yeye jiko lake, mie jiko langu.
Hakuna usiku marehemu alolala na njaa."

Kisha akauliza kama kichupa nitakirudisha,
maana ni cha dawa ya macho ya Bi Riziki,
na mwenyewe keshakiulizia mara mbili.