Kiuno cha Mwaka Ule

Dungusi la kwanza nililiua kwa maji.
Nilikuwa nimetoka Lushoto na mikono ya kule,
mikono isiyojua kukaa bure:
kopo asubuhi, kopo jioni,
mpaka siku nilipoligusa shinani
kidole kikazama kama kwenye papai bovu.

Ndahani, fundi baiskeli wa Nkuhungu,
alicheka hadi akaangusha spana.
Akanikatia jingine uani kwake,
urefu wa mkono, akalifunga gazeti.
"Usilipande. Lilaze kivulini wiki tatu,
kidonda kifunge. Kisha changarawe,
mchanga wa korongo, udongo kiduchu.
Halafu ulisahau."

Kusahau!
Nilijifunza kama mtu anavyojifunza kunyamaza.
Kopo moja, mwezi hadi mwezi,
na kuanzia Juni hata tone,
mpaka mvua yenyewe ikumbuke njia ya Dodoma.

Upepo wa Julai ulikuja na vumbi lake jekundu,
ukang'oa bati mbili za Mama Chedego.
Nililifunga kwenye nguzo ya baraza kwa utepe wa kitenge,
fundo legevu, kama la mbeleko,
unapojua kwamba huyu siku moja atashuka.
Miiba niliitoa kwa koleo la nyusi,
nimekaa mlangoni, simu nimeiuma kwa meno, taa inawaka.

Ukitaka kujua maisha yangu usiniulize.
Lipapase dungusi.
Hapa, usawa wa kitovu, ni mwaka wa zabibu nyingi,
tulipouza hadi tukaezeka jiko;
tazama mbavu zilivyojaa.
Na hapa juu yake limebanwa, kama limevaa mkanda.
Mwaka ule Hezroni alilazwa,
mimi nikalala sakafuni, chini ya kitanda chake, miezi minne,
na mtu mwema akaliingiza ndoo yake stoo
kulinusuru na mbuzi.
Lilirefuka gizani bila kunenepa,
jembamba, rangi ya maji ya mchele,
likitafuta dirisha.

Hezroni hakurudi.
Lenyewe nililirudisha juani taratibu,
leo saa moja, kesho mbili, lisiungue,
likajaa tena juu ya kile kiuno.
Kiuno chenyewe hakikujaa.
Hakijai.

Nikalihamishia ardhini. Likaipita paa.
Mwaka jana, usiku wa mgao wa umeme, likachanua:
ua moja, jeupe, pana kama sahani.
Nilimpigia Ndahani saa sita, akaja na kandambili zisizofanana.
Popo alipita mara mbili.
Hatukusema kitu cha maana.
Kulipokucha ua lilikuwa limejikunja
kama leso ya msibani.

Sasa mafundi wa umeme wamesema limefika kwenye waya.
Likatwe. Kijana wao akaonyesha pale kiunoni,
"Hapa pembamba, mama, msumeno unapita mara moja."
Nikamwambia akate juu zaidi.
"Lakini huku ni panene."
Najua mwanangu.
Panda ngazi.

Kipande kimelala chini ya cherehani, kivulini,
kidonda kikitazama ukuta.
Leo siku ya tisa. Sijakigusa.
Nimekigusa mara moja tu.