Ganda la Ndizi

Miaka saba Msellem wa Kuze alianguka bila sauti.
Alianguka ngazini, alianguka ndani ya beseni la unga,
alifukuzwa na beberu hadi Mlango wa Papa
huku Ratilal akizungusha mkono wa kamera;
na sisi, kila Jumamosi, mabati ya ukumbi yakitetema,
tulicheka hadi njugu zikatutoka mikononi.

Kisha picha zikaanza kusema,
wala hazikusema lugha yake.

Akanyoa masharubu. Akatuita watu sita
kwenye ghala la kahawa, Kilindini, lisilo na dirisha.
Mchezo aliuandika nyuma ya stakabadhi za forodha:
mama, kiti, barua ya serikali
ya mwana aliyekwenda kubeba mizigo ya vita.
Mimi, kijana wa miaka kumi na minane,
nikavishwa leso nikawa mama.

Mazoezi ya kwanza nililia kwa kite.
"Nyamaza. Ukilia wewe, wao watafanya nini?"
Akanishika bega.
"Mtu haanguki ghafla.
Ganda liko njiani, watu wamekwisha kuliona. Moja.
Yeye yuaja, apiga mluzi. Mbili.
Tatu, ndipo nti imwite.
Barua hii nayo ni ganda la ndizi."

Siku yenyewe walicheka walipoliona jina lake mlangoni.
Walicheka nilipoketi.
Karani alipobisha hodi walicheka zaidi,
wakidhani nyuma yake yuaja beberu.
Mama hajui kusoma: nikaigeuza barua juu chini.
Wakacheka hapo pia, ila wachache.

Moja.
Nikamtazama karani. Karani akatazama viatu vyake.
Mbili.
Nikasikia njugu moja ikidondoka sakafuni,
ikibingirika, ikikoma.
Sikulia. Niliikunja leso ya mabegani,
nikaikunjua, nikaikunja tena.
Pembeni, nyuma ya pazia, midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Taa zilipowashwa alitoka kuinama mbele ya watu.
Mguu ukanasa kwenye mkeka
akaanguka, kweli, kifudifudi,
kofia ikaenda zake hadi safu ya mbele.

Hapana aliyecheka.
Mzee mmoja aliiokota kofia, akaipangusa kwa kiganja.
Msellem alikaa pale chini kitambo,
sikio kwenye mbao, akiusikiliza ukumbi,
kisha akaniuliza polepole:
"Hii ni tatu, au imeshapita?"