Kurasa Nne

Muhula wa kwanza, chumba chetu cha Ngamiani,
nilibandika ukutani kwa herufi kubwa: NITAFAULU.
Nikalala chini yake kama mtu aliyekwisha kufaulu.

Takwimu: thelathini na mbili.
Mwanamvua, mwenzangu wa chumba, hakunipa pole.
Aliutazama ukuta, akauliza,
"Utafaulu nini? Lini? Ukiamka saa ngapi?"

Nimeibandua. Gundi imeondoka na rangi ya mwenye nyumba,
na kodi yenyewe bado tunadaiwa.

Sasa naandika nyuma ya risiti ya mkate:
Jumanne. Kurasa nne. Kabla kengele za baiskeli za maziwa
hazijafika barabara ya kumi na tatu.

Leo zimenikuta katikati ya ukurasa wa nne.
Nusu iliyobaki
nimeiandikia Jumatano,
kwa herufi ndogo.