Sanduku la Posta 614, Moshi

Hela ya kahawa, madebe mawili,
niliigeuza hawala ya posta, mwaka themanini na saba.
Aikaeli wa dirisha la tatu akagonga muhuri, akauliza:
"Jarida la kompyuta? Kwani kompyuta unayo?"
Sina.

Toleo la Januari lilifika Mei,
kona moja imelowa, linanuka gundi.
Nikapanda nalo Kibosho ndani ya shati.

Usiku nikachora vibonye juu ya boksi la sabuni,
nikachapa programu ya ukurasa wa arobaini
kwa vidole viwili,
koroboi ikinichoma nyusi.

Mama akachungulia: "Inasemaje?"
Nikarudia mstari wa mia na ishirini.
Mabano hayakufungwa.

"Inasema nimekosea."

"Ehee. Hata boksi limeshakujua."

La Februari bado.