Bango la Duka la Mkate

Mzevinar anachora boriti kwa penseli:
mita nne, bawaba ukutani,
kebo ya chuma imepanda nyuzi thelathini.
Nje, theluji inaanguka Kutaisi,
na bango la baba yake, mwoka mikate,
bado limelala sakafuni, nyutoni mia tatu.
Boriti yenyewe mia mbili.

Simama kwenye bawaba, anajiambia,
siri za ukuta zitasubiri zamu yao.
Mia mbili mara mbili, mia tatu mara nne;
nusu ya mkazo, mara nne, upande wa pili.
Kebo: mia nane.

Mia nane! Kwa mzigo wa mia tano!
Anafuta, anarudia. Mia nane.
Anayevuta kimshazari
hulipa kuliko deni.

Na ukuta, aliodhani umesimama tu?
Unainua mia moja, basi,
lakini unasukuma karibu mia saba kwenda nje,
kimya, matofali yakiwa na vumbi la unga.

Anainua macho. Mama yuko mlangoni,
anamshikia baba ngazi tangu asubuhi.
Jumla ya vyote: sifuri.
Hakuna kinachosogea.
Hakuna aliyepumzika.